Nani Atakutazama Usoni?

Buhongwa, Mwanza
Jumatano asubuhi

Mdogo wangu mpendwa Nyangeta,

Nakusalimu kutoka mjini, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umesimama imara, na kwamba goti lile la kulia limeacha kukusumbua unapopanda kilima cha kanisani. Kifua cha Baba Mdogo Magesa kinaendeleaje? Bado anakataa kuvaa sweta asubuhi? Na mvua imenyesha, au bado mnaitazama mihogo ikinyauka? Mimi ni mzima wa mwili. Habari za macho yangu ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Nimepata maswali yako yote uliyoyatuma kwa simu, yamefuatana bila nukta wala mkato. Nakujibu kwa barua kwa sababu simu yako huiweka sauti ya nje, na kila anayepita hapo unapoanika dagaa husikia mambo yangu.

Unasema umekwisha kata shauri: Jumatatu utapanda gari kutoka Majita uje ukatwe kope kama mimi. Nakuomba, na hapa ninatumia haki yangu ya ukubwa, usipande gari kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho. Ninaiandika kwa jicho la kulia peke yake. Jicho la kushoto limefunikwa kwa ngao ya plastiki, na ninapoiondoa ngao hiyo ili nitie dawa, naona kama mtu anayechungulia kupitia dirisha lenye mvuke. Kesho Daktari atalipima. Huenda nuru itarudi yote, huenda itarudi nusu, na huenda itabaki hivi hivi. Yeye mwenyewe hajaniahidi kitu.

Nianze na sababu. Unajua kwamba tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikisoma vitabu vya shule kabla havijachapwa, katika kiwanda cha uchapaji kule Nyakato. Mwaka huu ngozi ya kope za juu ilinishukia hadi ikafunika nusu ya mboni. Unazikumbuka kope za mama yetu? Unakumbuka jinsi alivyokuwa akiinua kope kwa kidole cha mkono mmoja na kuchambua dagaa kwa mkono mwingine? Nami nilifika hapo. Nilikuwa nikisoma huku nimeinua kope kwa kidole, hadi siku moja kitabu cha darasa la tatu kikapita mikononi mwangu kikiwa na ukurasa uliorudiwa mara mbili. Msimamizi hakunilaumu. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile sikuipenda. Nikaenda hospitali.

Daktari wangu anaitwa Shabina. Ni binti wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa, ambaye babu yake aliuza vitambaa mjini, na Wasukuma wenyewe husema kwamba Kisukuma chake kinawashinda. Sasa nayajibu maswali yako.

Inauma? Sindano ya ganzi inauma. Inachoma kama pilipili iliyoingia jichoni, kisha kope inakufa. Baada ya hapo nilikuwa macho wakati wote. Nilisikia ngozi ikivutwa, nikasikia mkasi, nikamsikia Daktari akimwuliza nesi kama sato aliyemnunua sokoni alikuwa wa leo au wa jana. Maumivu sikuyasikia.

Kovu litaonekana? Hukata pale pale penye mkunjo wa kope, hivyo ukifumbua macho mstari hujificha. Lakini kabla ya kunikata alinikagua masikio nilipotobolewa, na bega lenye alama ya chanjo, kwa sababu alitaka kujua kama makovu yangu huvimba na kukua. Yangu hayavimbi. Lako la begani, nalikumbuka vizuri, limevimba kama harage. Mwonyeshe. Usilifunike kwa nguo.

Umeuliza kama utarudi kuwa msichana. Swali hilo nilimfikishia, nikamwambia kwamba ni la mdogo wangu. Akacheka, akasema, “Mwalimu, kila mgonjwa wangu ana mdogo wake.” Kisha akasema kwamba utafanana na mtu aliyelala vizuri. Usichana hana wa kumpa mtu.

Mifuko ya chini ya macho ni upasuaji mwingine. Kuvuta mashavu ni kazi kubwa zaidi, hufanywa ukiwa katika usingizi kamili, naye hapendi kumfanyia mtu mwenye shinikizo la damu kama lako. Kuhusu yule mama wa saluni anayewachoma watu sindano za kukunjua uso katika chumba cha nyuma, jibu langu ni hapana, na sitaongeza neno. Aspirini unayoimeza kwa ajili ya goti, pamoja na ile mizizi unayoichemsha, lazima Daktari azijue zote kabla hajashika kisu, maana dawa nyingine huifanya damu isigande. Usiiache dawa kwa shauri lako mwenyewe, wala usiifiche. Tena macho mawili hayatakuwa sawa kabisa, kwa kuwa hata sasa hayako sawa. Jitazame kwenye kioo uone. Utalala umeinua kichwa juu ya mito, na hutainama mpaka uruhusiwe. Nani atageuza dagaa wako, jipange.

Umeuliza pia kama ni dhambi. Mwulize mchungaji. Mimi nilikwenda kwa sababu sikuona herufi, na sikatai kwamba siku ile ile jioni nilijitazama kwenye kioo, pamoja na uvimbe wote, nikafurahi.

Lipo swali moja ambalo hukuniuliza. Daktari aliniuliza mimi: “Nani atakuangalia nyumbani?”

Nikajibu, “Binti yangu Eliza.”

“Na Eliza asipokuwepo?”

“Yupo mume wake.”

Akaridhika, akaendelea na mengine. Sikumweleza kwamba Masanja ni mkwe wangu, na kwamba kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. (Jina lake naliandika tu, silitamki.) Wewe unajua. Tangu waoane sijapata kuketi naye chumba kimoja. Ndiyo sababu nakaa katika chumba cha uani, chenye mlango wake. Nikisikia viatu vyake, najifunika kanga. Naye akinisikia, hugeukia ukuta. Kwao Usukumani wana heshima hiyo hiyo, kwa hiyo tumeelewana miaka yote bila kuzungumza. Nilipomjibu Daktari nilijua kwamba mume wa Eliza, kwa kazi ile, alikuwa sawa na mtu asiyekuwepo. Lakini nilidhani Eliza hatatoka.

Eliza alitoka siku iliyofuata upasuaji. Mwalimu mwenzake alikuwa anazikwa Sengerema, naye hakuweza kukosa. Alinitia dawa asubuhi, akanikanda kwa kitambaa cha maji baridi, akasema, “Mama, navuka kwa kivuko, saa nane nimerudi. Kaa hapo kibarazani upate hewa, usijifunike uso.” Nikakaa. Masanja alikuwa kwenye kiwanda cha vyuma anakofanya kazi, na uani hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimestarehe, Nyangeta, nasikiliza kuku wa jirani.

Umeme ukakatika kiwandani, wafanyakazi wakaruhusiwa. Nikasikia geti, kisha viatu vyake, karibu kuliko nilivyotazamia. Mkono wangu haukuningoja nifikiri. Niliivuta kanga usoni kwa nguvu, kama ninavyofanya siku zote, na pindo lake likanasa kwenye uzi wa kope ya kushoto. Nikasikia kitu kikikatika. Nikainuka, nikaingia chumbani, nikashusha pazia.

Nilikaa kitandani nikiwa nimebana kanga jichoni. Mwanzoni palikuwa na unyevu tu. Kisha pakaanza kujaa, kana kwamba mtu anasukuma jicho kwa dole gumba kutoka ndani ya kichwa.

Nje ya pazia akasema, “Mama, shikamoo.”

“Marahaba. Umerudi mapema.”

“Umeme hakuna. Mama, hapa kibarazani kuna damu.”

“Ni nyanya.”

“Mama, nyanya haidondoki kwa mstari mpaka mlangoni kwako.”

Nikamsikia akienda kugonga kwa jirani yetu, Mama Kulwa, ambaye angeweza kuingia na kunitazama bila tabu yoyote. Geti lake lilikuwa limefungwa, alikuwa sokoni. Akarudi, akampigia Eliza simu. Nilisikia upepo katika simu ile hata kabla ya kusikia sauti ya mwanangu. Kivuko kilikuwa kimesimamishwa Kamanga kwa sababu ya mawimbi, na abiria wamerudishwa nchi kavu.

Eliza alikuwa anapiga kelele. “Mwangalie jicho!”

“Nimwangalie nani?”

“Mama!”

“Eliza, yule ni mama yako.”

“Si ndiyo maana nakwambia! Mimi nazunguka kwa daraja, sitafika mpaka jioni. Mwangalie, hakuna jirani atakayekuangalizia!”

Hapo ndipo Masanja alipompigia Daktari, akaisukuma simu chini ya pazia kwa ncha ya kiatu ili niizungumzie mwenyewe. Nikamweleza. Akaniuliza kama maumivu yanazidi, nikasema yanazidi. Akaniuliza kama jicho limetokeza mbele, na kama kope imekuwa ngumu.

“Ngoja nijitazame kwenye kioo,” nikasema.

“Kwa jicho lipi, Mwalimu? Hilo jingine nalo nimelikata jana. Namhitaji mtu wa kukutazama, tena sasa hivi. Damu ikijaa nyuma ya jicho, inaminya mshipa wa kuonea. Hatuna muda wa kungoja kivuko. Nani yuko hapo?”

Daktari akapaza sauti. “Wewe uliyenipigia, bado upo?”

“Nipo, Daktari. Ni mkwe.”

Nadhani aliifahamu shida yetu wakati huo, kwa maana aliacha Kiswahili akaanza Kisukuma. Alisema mengi, tena kwa ukali, na mimi nikaambulia maneno mawili tu: mama na kipofu. Masanja alikuwa akiitikia kwa sauti ya chini, kama mtoto anayesutwa na bibi yake.

Kisha akasema, “Mama, naingia. Nisamehe.”

“Usiombe msamaha kwa jambo ambalo hujalitenda. Ingia.”

Aliingia akitazama sakafu. Mikono yake, ile inayochomelea vyuma siku nzima, ameibana ubavuni. Nikaondoa kanga. Nakwambia ukweli, mdogo wangu: nimesimama mbele ya wakaguzi, nimemzika mume, lakini kitu kizito kama kuiondoa kanga ile sijapata kukiinua. Akainua uso. Akanitazama. Nami sikujua niweke wapi jicho langu, nikaliweka kwenye kifungo cha shati lake.

“Limetokeza,” akamwambia Daktari. “Limekuwa jeusi. Kope imekaza kama ngoma.”

“Funika la kulia, mwonyeshe vidole.”

Akanifunika jicho la kulia kwa kiganja chake mwenyewe. “Mama, vingapi?”

“Viwili.”

“Nimeinua vinne, Mama.”

Daktari akasema neno moja tu: “Njooni.”

Akanishika mkono, tukatoka. Bajaji ya kwanza ilikuwa na abiria wawili. Akawashusha, sijui kwa maneno gani. Tuliketi bega kwa bega, mimi na mkwe wangu, mchana kweupe, kwenye barabara ya Shinyanga, sina kanga usoni, na watu wa Buhongwa wanatuona. Daktari alikuwa amemwagiza asiache kunipima njiani. Basi kila tulipofika kwenye tuta, alinifunika jicho la kulia akauliza, “Vingapi, Mama?” Nami najibu. Viwili. Kimoja. Sijui. Dereva akageuka akasema, “Kaka, bibi unamfundisha hesabu kwenye gari? Mwache apumzike.” Masanja akamwambia, “Endesha.” Dereva akatazama tena, safari hii akaniona uso, akawasha taa akaanza kupiga honi, na hakuacha mpaka mlango wa hospitali.

Tulipokaribia mjini aliuliza tena. Sikuona kidole hata kimoja. Sikuuona hata mkono. Nikasema, “Mkwe, huko kushoto kumekuwa usiku.” Alinishika mkono kwa nguvu zaidi, nami sikuuondoa.

Daktari alikuwa akitungoja mlangoni, amekwisha vaa glavu. Hakutusalimu. Alifungua nyuzi pale pale kwenye chumba cha dharura, akatoa damu iliyoganda, akautafuta mshipa uliokuwa ukivuja, akaufunga. Maumivu yaliondoka mara moja, kama mtu aliyeinua mguu kutoka kwenye kidole chako. Nuru haikurudi mara moja. Ilirudi kidogo jioni, rangi ya majivu, na tangu hapo imeganda kwenye ule mvuke niliokueleza.

Kabla sijaruhusiwa kurudi nyumbani, Daktari aliketi kando ya kitanda changu. Alisema kwamba jambo hili hutokea mara chache sana, na kwamba lingeweza kutokea hata bila kanga. Kisha akasema, “Lakini ungenieleza, Mwalimu. Nimekulia hapa. Ningekuwekea binti wa kukaa nawe.”

Naiacha barua hapa. Jicho limechoka.

Alhamisi jioni

Nimerudi kutoka hospitali.

Tulikwenda sote watatu. Eliza alinishika mkono, na Masanja alitufuata kwa nyuma. Tangu siku ile hajanisogelea tena. Amerudi kwenye ukuta wake, nami kwenye kanga yangu, na ndani ya chumba cha Daktari alisimama karibu na mlango akiwa ametugeuzia mgongo.

Daktari aliondoa ngao, akaniagiza nisome bango la herufi. Nikasoma mistari mitano bila kusita. Eliza akapiga makofi. Daktari hakupiga. Alinitazama, akasema, “Mwalimu, bango hili umelikariri.”

Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimelisoma kwa jicho la kulia nilipokuwa naingia. Sikukusudia kudanganya, macho yangu yakiona maandishi husoma tu. Lakini kwa jicho la kushoto mstari wa tano sikuwa na hakika nauona au naukumbuka. Nikajua kwamba sasa nitaambiwa ukweli.

“Liache bango,” akasema. “Funika la kulia. Niambie kuna nini pale mlangoni.”

Nikatazama. Mvuke ulikuwepo. Nikangoja. Nikapepesa, kope ikajifunga na kufunguka, mvuke ukasogea pembeni.

“Naona mgongo wa mkwe wangu.”

“Huo hata mimi ningeubuni. Mgongo huo umevaa nini?”

“Shati la bluu.”

“Endelea.”

“Kola imegeuzwa na kushonwa upya. Aliyeshona ametumia uzi mweusi badala ya bluu, na upande wa kushoto ameruka mshono mmoja.”

Eliza akasema kwa aibu, “Mama! Nilishona mimi.”

Daktari akatoka kwenye kiti chake, akaenda hadi mlangoni, akainama kwenye shingo ya Masanja, akahesabu mishono kwa kidole. Mabega ya Masanja yalikuwa yanatetemeka. Nilidhani anacheka. Eliza akaenda akasimama karibu naye, wakabaki hivyo kwa muda, na mimi nikatazama dirishani.

Mvuke uliobaki utaisha taratibu, hivyo amesema Daktari. Nitarudi Nyakato mwezi ujao.

Sasa nisikilize. Sikukatazi kuja. Kope zako ni za mama yetu kama zangu, na najua kwamba watu hukuuliza kama umelala wakati unawasikiliza. Lakini ukirudi kijijini, atakayekuwa karibu nawe ni mkwe wako Mafuru tu, kwa kuwa binti yako yuko mbali. Kabla ya Jumatatu, mwite Baba Mdogo Magesa awe shahidi. Keti wewe upande mmoja wa pazia, Mafuru akae upande mwingine, mkubaliane kwa maneno yanayosikika: siku ya damu ataingia au hataingia? Akisema ataingia, panda gari. Akisema hawezi, usimlaumu. Tafuta mwanamke wa kukaa nawe, ndipo uje. Mzungumze sasa, wakati macho yako yote mawili ni mazima. Mimi jambo hili sikulisema mapema, na nilikaribia kulilipia kwa jicho.

Nisalimie Baba Mdogo, na umwambie sweta si aibu. Msalimie wifi yetu mjane anayeuza vitumbua kando ya shule, mchungaji wetu na mama mchungaji, na yule binamu yetu fundi mitumbwi ambaye hadai salamu lakini hununa asipozipata. Mpe Baba Mdogo habari yote ya mimi na mkwe wangu kabla hajaisikia kutoka kwa watu wa Buhongwa. Kama kuna mbuzi wa kutolewa kwa desturi, nitamtoa mimi, na nitafanya hivyo bila kuinamisha kichwa.

Leo jioni, tulipokwisha kurudi, nilikuwa nimekaa kibarazani uso wazi. Nikasikia geti, nikasikia viatu. Viatu vikasimama mbali, pale penye bomba, na yeye akakohoa kunijulisha kwamba yupo. Nikaichukua kanga. Nikajifunika polepole, kwa mikono miwili, nikilizunguka jicho.

Akangoja mpaka nikamaliza, ndipo akapita.

Ni mimi dada yako mkubwa, ninayekuombea safari njema iwapo utasafiri,

Mwalimu Nyabise